Mzee Hakuwa Anacheza: kisa cha utafiti wa dini na sanaa huko Rungwe

Kabla sijaanza

Hiki kisa nakiandika kwa ajili ya wanafunzi na walimu wenzangu tunaopeleka watu field kusoma mambo ya dini na sanaa, maana naona bado tunawatuma watoto na dodoso mkononi, barua ya chuo mfukoni, na zaidi ya hapo hatujawapa kitu. Majina yote nimeyatoa. Kijiji sikitaji, kanisa silitaji, chuo ndo kabisa, na vitu viwili vitatu nimevibadilisha makusudi ili hata mtu wa kata ileile akisoma abaki anakuna kichwa. Mwanafunzi nitamwita Binti, na mhusika mkuu nitamwita Mzee, basi.

Mzee mwenyewe ameruhusu niandike ila alinipa sharti moja, kwamba nisiseme alikuwa anacheza. Wengine wakisema niandike kuwa wao ndo wamesema. Nitajitahidi.

Usuli

Binti kwao ni Iringa, Mhehe, Mkatoliki wa kuzaliwa, alikuja Mbeya kusoma na mimi ndo nikapangiwa kumsimamia utafiti wa mwaka wa mwisho. Naanza na ukatoliki wake kwa sababu ndo ulituponza na wala hatukuuona. Huyu binti amekulia parokiani ambako ngoma ipo pembeni ya altare kila Jumapili, watoto wa Utoto Mtakatifu, kile chama cha watoto wa Kikatoliki, wanacheza kwenye wimbo wa Utukufu, kina mama vigelegele, na hakuna anayeshtuka. Kwake ngoma na ibada ni ndugu wa tumbo moja. Ukimwuliza tangu lini, hajui, anaona ni tangu mwanzo wa dunia, kumbe mlango ulifunguliwa rasmi Desemba 1963 pale Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kikatoliki, ulipotoa hati yake ya liturujia, na namba 119 ikasema wazi kwamba watu wa nchi za misheni wana muziki wao na upewe nafasi yake. Mwaka huohuo Padre Stephen Mbunga, Mtanzania mwenzetu, alitoa kitabu kizima kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Yaani upande huo watu walishakaa chini wakaandika, wakabishana, wakaruhusu.

Rungwe, wilaya ya mkoa wa Mbeya alikokwenda Binti, historia yake ni nyingine. Wamisionari wa Kiprotestanti, Wamoravian na wale wa shirika la Berlin, waliingia wote 1891, wote wakipandia Ziwa Nyasa, na kwa muda mrefu sana Mkristo wa huku alitambulika kwa vile alivyoviacha kuliko kwa vile alivyovishika: ameacha mitala, ameacha pombe ya matambiko, ameacha ngoma za msibani. Godfrey na Monica Wilson waliishi huku kati ya 1934 na 1938 wakisoma maisha ya Wanyakyusa, na 1939 Godfrey akachapisha makala juu ya desturi za mazishi. Ameeleza humo wanawake wanavyolia na wanaume wanavyocheza na mikuki mazishini, na ameeleza pia kwamba Wakristo wa wakati ule walikaa pembeni wakaimba nyimbo za dini. Kwa hiyo hapo msibani ndipo mpaka ulipochorwa. Nyumbani kwako piga ngoma, labda mchungaji atakuonya tu, ila ukiipiga msibani umejitangaza uko upande gani.

Hiyo makala ninayo kwenye kompyuta yangu. Sikumpa Binti. Nikaona ni ya zamani, ya Wazungu wa enzi za ukoloni, nikampa vitabu vipya vipya vya nadharia ambavyo havina hata mgomba mmoja ndani.

Proposo yake ilikuwa na kichwa kirefu, maana yake kwa kifupi ni namna imani ya Kikristo ilivyochangia kupotea kwa sanaa za asili. Mtaona jibu lilishakaa kwenye kichwa kabla hajapanda hata gari. Nikasaini. Alikuwa na dodoso la maswali 24, nakala 60, na ruhusa zote za serikali: barua ya chuo kwenda mkoani, mkoa ikashuka wilayani, wilaya ikashuka kwa mtendaji wa kata, akaishia kwa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji, mihuri ya kutosha kufungua duka. Kwa mchungaji hakupitia. Aliniuliza kama apitie nikamwambia ukishakuwa na kibali cha serikali inatosha, kanisani utaenda tu kusalimia. Hayo ni maneno yangu mimi, naomba yabaki hivyo kwenye kumbukumbu.

Ilivyotokea

Wiki mbili za kwanza ni dodoso, na dodoso likafa kifo cha aibu. Swali la saba lilikuwa linauliza imani yako imeathiri vipi ushiriki wako katika sanaa. Bibi mmoja akamsikiliza mpaka mwisho halafu akamwambia, "Sanaa? Sisi huku tunalima viazi na chai mwanangu, sanaa ziko Dar." Mwingine akadhani anaulizwa kama anafanya usanii, yaani utapeli, akakasirika. Waliojibu vizuri walijibu wote kitu kimoja, ngoma ni mambo ya kale, tumeacha, tumeokoka, na Binti akawa anaweka tiki zake kwa furaha maana hoja yake inathibitika.

Wiki ya tatu ukatokea msiba. Dada mkubwa wa Mzee, bibi mwenye umri wake, ameshiba siku. Mzee ni mzee wa kanisa, miaka mingi, na alikuwa amemzoea Binti, anamwita mwanangu na Binti anamwita tata, yaani baba, kama alivyosikia watoto wa pale wanaita. Akamwambia njoo msibani, kukaa nyumbani wakati wenzio wako msibani sio vizuri. Fomu ya ridhaa ya Mzee ilishasainiwa tangu wiki ya kwanza, ilisema nakubali kurekodiwa picha na sauti kwa ajili ya utafiti. Hapo msibani walikuwepo watu zaidi ya mia, fomu ilikuwa moja.

Mazishi yakaenda kikanisa, mchungaji akahubiri, kwaya ikaimba, mchanga ukarudishwa, mchungaji akaaga kwa sababu alikuwa na msiba mwingine kijiji cha pili. Watu wakala, ndizi na maharage, mvua ikanyesha ikakata. Jioni, turubai bado limejaa, ikasikika ngoma toka nyuma ya migomba. Binti anasema hakuona imetokea wapi. Kina mama wakaanza wimbo ambao sio wa kitabuni, wanaume wachache wakasimama, na Mzee akachukua fimbo yake ya kutembelea akaingia katikati.

Binti akarekodi dakika kumi na moja. Kwenye daftari lake usiku ule aliandika "mzee anacheza kwa furaha". Nimeliona hilo daftari, kalamu ya bluu, na chini amepiga mstari.

Halafu ndo likaja kosa lenyewe. Akakata sekunde arobaini, sehemu ambayo picha imetulia na mwanga ni mzuri, akaweka status ya whatsapp na maneno kwamba field imenoga. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo, alikuwa amefurahi, kwake yeye alikuwa anaonyesha jambo la kusifika, kama ambavyo angeweka watoto wa Utoto Mtakatifu wakicheza parokiani kwao. Kati ya walioona kuna mwanafunzi mwenzake ambaye mama yake mdogo ameolewa kata ile. Kufika saa tatu usiku ile klipu ipo kwenye grupu la kanisa la pale kijijini, na chini yake mtu ameandika, "Huyu si ndo anatugawia meza ya Bwana?"

Siku ya pili yake baraza la wazee likakaa. Mzee akasimamishwa uzee na akazuiwa meza ya Bwana mpaka shauri lake lisikilizwe. Wapo kina mama wawili pia walionekana kwenye klipu, mmoja kiongozi wa wanawake, hao hawakusimamishwa ila waliitwa wakaonywa.

Maamuzi tuliyofanya na kwa nini

Binti alinipigia simu analia. Status alishafuta, haikusaidia kitu, ishasambaa. Alitaka afute na video nzima, afute na mahojiano, arudi Iringa abadilishe mada aandike hata kuhusu batiki. Nikamwambia asifute. Sio kwa sababu ya data, ingawa nakiri na data niliifikiria, ila nilijiuliza hii video ni ya nani. Mtu amerekodiwa anamzika dada yake, sisi tumesababisha ashitakiwe kwa sekunde arobaini, halafu tunachoma zile dakika kumi zilizobaki bila kumwuliza? Uamuzi wa kwanza basi ulikuwa video ibaki kwenye flashi moja tu, itoke kwenye simu, na Mzee ndo aamue.

Uamuzi wa pili ulikuwa twende vipi. Kishawishi kilikuwa kwenda na mtendaji wa kata ili tuonekane tuna serikali nyuma yetu. Nashukuru sikufanya hivyo, ingekuwa ni kumwambia mchungaji kwamba tunakuja kushindana. Tulimtafuta mwalimu mstaafu wa pale, mtu anayeheshimika kanisani na kwenye ukoo, awe mshenga wetu. Akatuambia kwa Mzee kwanza, kanisani baadaye, na kwa Mzee msiende mikono mitupu, basi tukabeba sukari, majani ya chai na sabuni. Nilipanda kosta Mbeya asubuhi, Uyole mpaka Tukuyu ni ukungu mtupu, bodaboda huko juu tope, nikafika nimelowa kama kifaranga.

Mzee hakugomba. Ilikuwa vibaya zaidi ya kugomba, kwa sababu alitukaribisha vizuri. Binti akapiga magoti akaomba radhi. Mzee akasema, nimekusikia mwanangu, sasa nionyesheni hicho kitu maana mimi nimesimuliwa tu, simu yangu ni ya tochi. Tukafungua laptop. Akaangalia dakika zote kumi na moja bila kusema neno, mkewe amesimama mlangoni. Mwisho akauliza, "Ile waliyoona watu inaanzia wapi na inaishia wapi?" Binti akamwonyesha. Akasema, "Mmekata pa kulia."

Na kweli. Mimi nilikuwa nimeitazama ile video mara mbili na sikuona. Ukiitazama nzima, kabla ya zile sekunde arobaini Mzee uso umelowa, anaita jina la dada yake, na baada yake anaangukia kwenye mabega ya mdogo wake. Katikati, ambapo mwanga ni mzuri, amegeuka mgongo, unaona miguu na fimbo tu. Binti akamwuliza, sasa tata pale ulikuwa unafanya nini? Akamjibu, "Nilikuwa nalia. Ndivyo baba yangu alivyomlilia baba yake." Hakuongeza.

Uamuzi wa tatu ndo ulionisumbua. Mzee alitaka apeleke video nzima barazani. Nilikataa mwanzoni, nikamweleza kwamba sisi tukileta video kwenye shauri la kanisa tunageuka mashahidi, kesho hakuna mtu Rungwe nzima atakayekubali kurekodiwa na mwanafunzi, na pia humo ndani wapo watu wengine ambao hawajaonekana bado, tunaweza kuongeza washtakiwa. Akanisikiliza. Akasema, "Mwalimu, nyie mlishakuwa mashahidi, ila wa uongo." Sikuwa na jibu. Tukakubaliana hivi: Binti akate dakika nne zinazomhusu Mzee peke yake kuanzia machozi mpaka machozi, wengine wote wafichwe sura, Mzee aipeleke mwenyewe, na sisi tusiingie ndani wala tusiseme neno.

Mshenga wetu alitaka Mzee ajitetee kwa Samweli wa pili sura ya sita, Daudi alicheza mbele za Bwana na Mikali binti Sauli akamdharau, akaona ni silaha nzuri sana hiyo. Mzee akaikataa. Akasema Daudi alikuwa anafurahi, mimi sikufurahi, nikitumia andiko la Daudi nitakuwa nakubali kwamba nilikuwa nacheza. Nilikaa kimya nikiwaza kwamba hii ndo hoja bora kuliko zote zilizokuwa kwenye proposo yetu, na imetoka kwa mtu ambaye dodoso lake lilisema tu "tumeacha".

Ilikoishia

Siku ya baraza tulikaa nje chini ya upenu wa ofisi ya kanisa, mvua kwenye bati, hatukusikia chochote. Walikaa karibu masaa mawili. Baadaye mchungaji alitusimulia kidogo, na kilichonishangaza ni kwamba walibishana juu ya fimbo kuliko juu ya miguu. Wazee wawili walisema ile fimbo imeshikwa kama mkuki, na mkuki msibani ni mambo ya kuwaita waliokufa. Wengine wakasema ni fimbo ya mzee mwenye magoti mabovu, angeiweka wapi.

Mchungaji mwenyewe msimamo wake ni mgumu lakini sio wa kijinga, na naomba wanaosoma wasimfanye adui wa hadithi hii, maana mimi nilishamfanya hivyo kichwani na nilikosea. Alisoma Muhubiri 3:4, wakati wa kuomboleza na wakati wa kucheza, akasema mmeona, Biblia imevitenga, ni nyakati mbili. Tulipokuwa wenyewe akaniambia wasiwasi wake hasa: akiruhusu ngoma ya msibani kwa mzee huyu ambaye anajua moyo wake, wiki ijayo atakuja mtu ambaye moyo wake haujui, na ngoma ileile, fimbo ileile, na kibuyu cha pombe kwa ajili ya mizimu. "Mimi nachunga watu mia nne, siwezi kuingia kwenye moyo wa kila mmoja, naangalia kinachoonekana."

Mzee akarudishwa meza ya Bwana baada ya kama miezi mitatu. Uzee wa kanisa hakurudishiwa kipindi kile, na hajauomba. Wale kina mama wawili walituma ujumbe wanataka maneno yao yatoke kwenye utafiti, yote, pamoja na mahojiano ya mwanzo ambayo hayakuwa na shida, na tukayatoa. Hilo lilimwumiza Binti kitaaluma kuliko kitu chochote, kwa sababu mmoja wao ndo aliyekuwa ameeleza vizuri tofauti ya nyimbo za kitabuni na nyimbo za kulilia, na sasa utafiti wote una sauti za wanaume. Alichelewa muhula mmoja. Alibadilisha swali lote, dodoso likatupwa, akaandika juu ya nani anaruhusiwa kulia kwa namna gani msibani na nani mwenye mamlaka ya kusema hiki ni kilio na hiki ni ngoma. Alipata B+, mtahini wa nje akasema data ya wanawake haitoshi. Ni kweli haitoshi.

Uchambuzi

Naanza na neno sanaa, maana tulijikwaa hapo mapema na hatukusimama. Neno lenyewe limetoka Uarabuni, ni ufundi, kazi ya mikono, na tukalipandisha likawa jina la vitu vyote vile ambavyo vyuoni tunavifundisha kwenye idara moja. Kijijini hakuna idara. Kuna ngoma, na ngoma kwa Kiswahili tayari ni vitu vitatu, kile chombo, ule mchezo, na lile tukio lenyewe, na mtu anaposema "tumeacha ngoma" inabidi umwulize ameacha ipi kati ya hizo. Binti hakuuliza kwa sababu fomu yangu haikuwa na nafasi ya kuuliza. Alipoanza kutumia maneno ya watu wenyewe, kulia, kuimba, kusindikiza, kufurahi, watu waliosema hawana sanaa waliongea masaa mawili hawataki aondoke.

Mfano mzuri ni mwalimu wa kwaya. Kwenye dodoso aliandika ngoma ni za mataifa, yaani za wasiomjua Mungu. Mwezi wa pili baada ya yote haya kutokea akamkalisha Binti kwenye kinanda akamwonyesha: kwaya yao ina pambio moja la msiba watu wanalipenda sana, na biti aliyoiweka kwenye kinanda ni mdundo uleule uliosikika nyuma ya migomba, aliufundishwa na babu yake akiwa mdogo. Anaupiga kila msiba, mchungaji yupo amekaa, hakuna aliyewahi kulalamika. Nikacheka sana Binti aliponisimulia, kwamba mdundo ni uleule, ila chombo ndo kimeokoka. Sasa ukienda na swali la "imani imeua sanaa?" utamhesabu huyu bwana upande wa waliouawa. Akaeleza na kitu cha ufundi ambacho sikukitegemea: nyimbo nyingi za kitabuni zilitafsiriwa zikawekwa kwenye tuni za Ulaya, na Kiswahili mkazo wake uko silabi ya pili toka mwisho, kwa hiyo unakuta tuni inakanyaga silabi nyingine kabisa, waimbaji wanaimba maneno yamepinda. Mdundo wa babu yake haukanyagi vibaya. Kwake yeye hilo halikuwa suala la dini wala la utamaduni, ni suala la maneno kusikika.

Hayo tuliyapata kwa sababu tulirudi na tukakaa. Kurudi kwenyewe ndo kulifanya kazi kuliko mbinu yoyote ya utafiti tuliyoandika kwenye sura ya tatu. Na kwenda kwa mshenga, na kuanza kwa Mzee kabla ya kanisa, na kutofuta ile video. Kwenye hilo la mwisho bado nina mashaka kidogo, kwa sababu wale kina mama nao walikuwa wenye video, na hatukuwauliza kabla Mzee hajaamua. Tulimwona yeye kwa sababu yeye ndo alisimamishwa.

Upande wa makosa, mengi ni ya kwangu. Kibali cha serikali kilitupa haki ya kuwepo kijijini, hakikutupa kitu chochote msibani wala kanisani. Huku kwetu mtu ana wakubwa wawili, mmoja wa kijiji mmoja wa kanisa, na adhabu inayouma inatoka kwa huyu wa pili. Fomu yetu ya ridhaa iliuliza kama mtu anakubali kurekodiwa, haikuuliza nani asione. Ukimwuliza Mzee siku ile ya kwanza nani asione video zako angekujibu papo hapo. Na wala sio adabu tu, ni sheria: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeweka imani ya dini kwenye kundi la taarifa nyeti. Klipu ya mzee wa kanisa kwenye ngoma ya msibani ni taarifa ya imani yake, hata kama wewe unaona ni utamaduni unanoga. Siku hizi wanafunzi wangu hawaweki kitu chochote cha field status, hata picha ya ng'ombe, nimekuwa mkali mpaka wananisema.

Kosa ambalo bado linanitafuna ni lile la "kwa furaha". Binti aliona mwili unasogea kwa mpigo, akaandika furaha, kwa sababu kwao mwili ukisogea kwa mpigo mbele ya Mungu ni furaha. Mchungaji aliona mwili uleule akaandika kurudi kwenye mizimu. Wenye grupu waliona unafiki. Mimi niliona data. Mzee peke yake aliyekuwa ndani ya ule mwili alisema ni kilio, na kati yetu sote yeye ndo wa mwisho kuulizwa. Godfrey Wilson na mapungufu yake yote ya kikoloni alishaweka kilio na mchezo kwenye ukurasa mmoja mwaka 1939, na mimi nikaiacha ile makala ilale kwenye kompyuta.

Kuna swali aliliuliza yule mshenga wetu siku tunaaga, na Binti alitaka kuliweka kwenye hitimisho nikamzuia kwa sababu halikuwa na majibu, leo naliweka. Monica Wilson ameandika kwamba Kyala zamani alikuwa mmoja wa mashujaa wakubwa wa kale waliotambikiwa, kama alivyokuwa Lwembe, halafu wamisionari wakalichukua jina lake likawa jina la Mungu kwa Kinyakyusa mpaka leo. Mwalimu mstaafu anajua hiyo historia kuliko mimi. Akasema jina tulilibeba likaingia kanisani na hakuna aliyeogopa kwamba watu watarudi kwa yule Kyala wa zamani, mbona ngoma ilibaki nje? Mchungaji alikuwepo. Alitabasamu akasema jina halina miguu. Mzee, amekaa pale na fimbo yake katikati ya magoti, akaangalia chini akacheka peke yake, na mkewe akaja kutuambia chai imepoa.